Tofali la Mama Musimbi

Pale Langas, mtaa wa Eldoret, kisima cha ploti kilikuwa upande huu wa ua na choo upande ule, katikati kamba za kuanika nguo. Mwenye ploti alikuwa amepima kwa macho akaona panatosha. Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa na kipimo chake. Maji yakajaa huku, yakajaa kule, yakasalimiana chini kwa chini mahali ambapo jicho la mwenye ploti halikufika. Ndipo Musimbi, binti wa Kavetsa na mtoto wake wa kwanza, akaanza kuhara.

Alikuwa ametoka tu kujua kutembea bila kushika ukuta. Maneno aliyoyajua yalikuwa machache, na mojawapo lilikuwa "maji". Kavetsa alimpa. Hilo ndilo lililomkalia kifuani baadaye kama jiwe la kusagia: kila mtoto aliposema maji, yeye alichota akampa, kwa kikombe cha bati alichokisugua kwa jivu kikang'aa. Hospitalini waliutafuta mshipa mkononi, wakautafuta mguuni, wakautafuta kichwani. Hawakuupata.

Walimpeleka kwao Maragoli, maana mtoto wa watu hazikwi ugenini. Elphas, babake, alimbeba mwenyewe tangu stendi ya Eldoret mpaka Chavakali, akashuka naye na kupanda kile kilima hadi kwa mamake. Wakamzika nyuma ya jiko la bibi, penye migomba, kama wanavyozikwa watoto wadogo. Hakuwekewa msalaba. Mamake Elphas alichimbua chipukizi la mgomba akalipanda upande wa kichwa, akalikanyagia udongo kwa kisigino.

"Hili ndilo litakuonyesha alipo," akamwambia Kavetsa. "Ukija, usiulize mtu. Tafuta mgomba."

Kavetsa akaja kila Krismasi. Mgomba ukazaa, ukakatwa, ukaacha watoto wake, nao wakazaa. Hakuuliza mtu.

*

Mtoto wa pili, Rael, alizaliwa kwenye ploti ileile, karibu na kisima kilekile. Kavetsa alichemsha maji ya kunywa, akachemsha ya kuoshea vyombo, akachemsha hata ya kumfulia mtoto nepi. Makaa yalikwisha kabla ya unga. Jirani yake wa mlango wa pili, Mama Gathogo, aliyeuza viazi barabarani, alimcheka kwa mapenzi.

"Mama Musimbi, hayo maji unangoja yawe supu?"

"Wacha yapige kelele, Mama Gathogo. Yakinyamaza naogopa."

"Haya. Ukitia chumvi uniite."

Pale Langas walikuwa wanamwita Mama Musimbi bado, hata baada ya Rael kuzaliwa. Mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na kifo hakijui kufuta hilo. Kila aliyemwita aende kuchota maji, au aje kuona kitenge kipya, alimtaja marehemu bila kujua anamtaja, na Kavetsa aliitika kwa haraka, kama mtu anayeogopa jina lisije likaanguka chini.

Mumewe alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha nguo, upande wa kusokota nyuzi. Alirudi nyumbani na pamba kwenye nyusi kama mzee wa kale. Elphas hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini jioni moja Kavetsa, akianua nguo, alimwona amesimama kati ya kisima na choo, ameshika ufito, akiupima urefu wa ua. Alipima akaenda, akapima akarudi, kama vile akipima tena huenda pangeongezeka. Kavetsa alijificha nyuma ya shuka hadi alipomaliza. Kuna mambo mke hapaswi kuonekana ameyaona.

Siku tatu kwa juma Kavetsa alimfunga Rael mgongoni, akavuka mto Sosiani kwenda Elgon View kufua nguo kwa Mama Kibet, mke wa mwalimu mkuu mstaafu. Huko nyumba zilikaa mbali na nyumba. Barabara ilikuwa na miti pande zote mbili, watoto wakiendesha baiskeli katikati yake bila mtu kupiga kelele. Ua ulikuwa wa miba iliyokatwa sawasawa, na upande wa ndani palikuwa na mfereji wa maji, bomba lililosimama peke yake kwenye nyasi, kama mgeni aliyeacha kuingia kwa adabu. Ukiufungua, maji yalikuja meupe kwanza, kisha yakatulia yakawa hayana rangi. Mwanzoni Kavetsa aliyanusa kabla ya kuyatia sabuni.

Kitu alichokiona zaidi ya vyote hakumwambia mtu. Aliona kwamba katika mtaa ule watoto wote walikuwa na ndugu zao wakubwa.

Siku moja Mama Kibet alimkuta akikunja mashuka, akasimama kumtazama.

"Mzee amechoka na maisha ya taoni," akasema. "Tunarudi shambani Burnt Forest kukamua ng'ombe. Hii nyumba kubwa imepata mtu. Lakini hiyo ndogo ya nyuma, ya mawe, mzee ameikatia ploti yake. Kuna watu wamekuja na magari. Mimi nimemwambia, afadhali nimuuzie mtu ninayejua vile anakunja nguo."

Kavetsa alidhani anataniwa. "Mama, mimi nitanunua na nini, sabuni?"

"Zungumza na bwanako. Hiyo si sabuni, ni kuzungumza tu."

*

Elphas alizungumza. Kiwandani walikuwa na chama cha kuweka na kukopa, naye alikuwa ameweka tangu siku ya kwanza ya kazi. Haikutosha, lakini ilikaribia, na kukaribia ndiko kunakomwumiza mtu kuliko kukosa kabisa. Walikula ugali. Rael akalala. Ndipo Elphas akasema, akiangalia taa:

"Kuna ile kipande ya nyumbani."

Kavetsa alijua kabla sentensi haijafika mwisho. Shamba la marehemu baba mkwe lilikuwa limegawanywa. Mama mkwe alibaki na nyumba yake na jiko. Sehemu ya Elphas ilianza pale pale nyuma ya jiko.

"Johnstone anaitaka," Elphas akaendelea. Johnstone alikuwa mtoto wa baba yake mkubwa, amestaafu reli, shamba lake linapakana na lao. "Amerudi na hela yake, anataka kumjengea kijana wake."

"Na Musimbi?"

"Johnstone si mtu wa nje. Amesema hapo kwa migomba hatagusa."

"Amesema mbele ya nani?"

"Mbele yangu. Mama alikuwa akipika, alisikia."

Kavetsa aliokota chembe ya ugali kwenye mkeka, akaiweka sahanini. Elphas akageuza uso wake, na sauti yake ikatoka ikiwa imepasuka.

"Mama Musimbi, mimi nimezika mmoja. Nilimbeba kwa basi kama mzigo ili kondakta asijue. Unataka nibebe na huyu? Niambie. Unataka udongo ama unataka mtoto?"

Kavetsa aliisogeza sahani kando. Alimvuta Rael karibu, akamfunika miguu.

*

Siku ya kuonyesha mpaka wazee wa ukoo walikuja na fimbo zao. Kwao Maragoli shamba likiuzwa, watu hulizunguka kwa miguu, na kila pembe hupandwa ule mmea wa majani marefu ambao ng'ombe hali na mtu hathubutu kuung'oa. Mmea ule ukishasimama, hata mtoto wa mjukuu wako atauheshimu. Alfajiri, kabla wazee hawajafika, Kavetsa alikuwa amechimbua vichipukizi vinne vya mmea huo kwenye mpaka wa zamani, akavifunga kwa ugwe wa mgomba. Vinne: kimoja kwa kila pembe ya kaburi. Aliwafuata wanaume kwa nyuma, Rael mgongoni, mzigo wake mdogo ameuficha chini ya leso.

Walipofika nyuma ya jiko, mzee aliyekuwa akiongoza alisimama.

"Elphas. Kuna mahali panabaki, ama yote yanaenda?"

Elphas alimtazama Johnstone. Johnstone alikuwa amevua kofia, anajipepea. Usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wamekula kuku pamoja, Elphas na yeye, katika sahani moja. Kumpandia ndugu mpaka ndani ya shamba alilolinunua ni kumwambia mbele za watu kwamba neno lake haliaminiki. Ni kumwita mwizi akiwa bado anatafuna nyama yako.

"Yote yanaenda, mzee," Elphas akasema. "Sisi ni nyumba moja. Yaliyo kati yetu tunayajua."

"Tunayajua," Johnstone akaitikia.

Kavetsa alifungua mdomo. Mama mkwe, aliyesimama mlangoni pa jiko, alimtazama kwa macho ya kumsukuma: sema. Lakini wanaume walikuwa wameshaanza kutembea, na mwanamke aliyeolewa hasimamishi wazee kwa ajili ya mtoto asiyekuwa na msalaba. Alivitupa vichipukizi vyake nyuma ya jiko, kwenye jivu.

Ilibaki bodi ya ardhi, kule kwa Bwana D.O., mkuu wa tarafa. Sheria ilitaka mke aende, aulizwe kwa kinywa chake. Alipoitwa alisimama na mtoto mgongoni, chini ya picha ya Rais. Wazee wa bodi walikuwa wamechoka, chai yao imepoa.

"Mama, unajua bwana anauza shamba?"

"Najua."

"Amekulazimisha?"

"Hapana."

"Muko na watoto wangapi?"

"Wawili," akasema Kavetsa. Kisha akaona wanamtazama mgongoni. "Mmoja ni huyu. Huyo mwingine yuko shambani."

"Vizuri. Afundishwe jembe mapema," mzee mmoja akasema, na wengine wakacheka kwa wema. Elphas aliinamisha kichwa.

"Basi, mama. Umekubali?"

Aliwaza mfereji ule wa maji kwenye nyasi. Rael alijinyoosha mgongoni, akamkanyaga mbavu kwa kisigino chenye joto.

"Nimekubali," akasema.

*

Nyumba ya Elgon View ilikuwa ya mawe, baridi, yenye mabati mekundu. Walihamia kwa mkokoteni. Mama Gathogo aliwasindikiza mpaka daraja la Sosiani, amebeba karai la vyombo kichwani.

"Sasa mtakuwa wazungu," akamwambia Kavetsa. "Ukinisahau nitakuja nipige kelele getini: Mama Musimbii! Mpaka mbwa wao wakimbie."

"Njoo hata kesho."

Hakuja. Alijaribu mara moja, askari wa geti moja akamwuliza anatafuta kazi kwa nani, akarudi na viazi vyake.

Majirani hawakuwa wabaya. Mmoja alibisha hodi juma la kwanza, akamwangalia Kavetsa na ndoo yake, akauliza, "Mwenye nyumba yuko?" Alipojua ndiye, aliona haya, na siku iliyofuata akaleta maziwa. Wote walimwita Mama Rael. Wangemwita nani tena? Walimwona na mtoto mmoja. Hata Elphas, akitoka kanisani na watu wapya, alianza kumwita Mama Rael, kwanza mbele za wageni, kisha hata wakiwa wawili tu.

Na Rael akanenepa. Hili lazima lisemwe, maana ni kweli. Siku moja alijifunza kutambaa mpaka kwenye mfereji, akalamba matone yaliyokuwa yakidondoka, na Kavetsa akamnyakua, akakaa naye macho usiku mzima akingoja tumbo lichafuke. Halikuchafuka. Asubuhi mtoto aliamka akidai uji. Kavetsa aliendelea kuchemsha maji hata hivyo, na Elphas hakumwuliza makaa yanakwenda wapi.

Krismasi ya kwanza hawakwenda nyumbani, deni la chama lilikuwa bado linang'ata. Krismasi ya pili Elphas alikuwa zamu. Ule mwaka wa kupiga kura kwa kupanga foleni ukaja ukapita. Ndipo mtu wa Maragoli aliyeleta ndizi sokoni akafika na salamu kutoka kwa mama mkwe. Zilikuwa fupi. "Mwambie Mama Musimbi aje. Asitume mtu."

*

Kavetsa alishuka Chavakali, Rael mgongoni, akapanda kilima. Kabla hajaona jiko aliona moshi, na kabla hajajua moshi ni wa nini alikuwa ameanza kuutafuta mgomba kwa macho, kama alivyofundishwa.

Hapakuwa na mgomba. Nyuma ya jiko palikuwa na shimo, pana kama uwanja wa kanisa, limejaa maji mekundu, bata wawili wakiogelea. Ng'ambo ya shimo tanuru la matofali lilikuwa limekwisha kuungua, linapoa. Matofali mengine yalikuwa yamepangwa tayari, na kuta za nyumba mpya zimefika madirishani.

Mama mkwe alitoka jikoni. Hakumsalimu. Alimpokea Rael, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, wakasimama wote ukingoni.

"Nilimwambia Johnstone," akasema yule mama. "Nilisimama hapo na jembe. Lakini mimi nilisimama kwa shamba la nani?"

Johnstone aliwaona, akaja akijipangusa mikono. Hakukimbia. Kavetsa angependa akimbie.

"Shemeji, karibu. Pole na safari."

"Asante."

"Najua ni nini imekuleta." Akatazama bata. "Mimi si mtu mbaya, Shemeji. Hili shamba kwingine kote ni mawe, unajua. Udongo wa tofali uko hapa tu. Siku ya kwanza tulizunguka migomba, waulize vijana. Tuliiacha imesimama kama kisiwa. Halafu mvua ikanyesha, ukingo ukaanguka wenyewe, migomba ikaingia ndani. Sasa tungefanya nini?"

"Mliona nini?"

"Ati?"

"Ukingo ulipoanguka. Mliona nini?"

Johnstone alivua kofia. Alikuwa mzee kuliko siku ile ya mpaka. "Hatukuona kitu. Haki ya Mungu. Udongo tu. Mtoto mdogo, Shemeji... mtoto mdogo hakawii kuwa udongo."

Rael, mgongoni mwa bibi, alikuwa akiwaita bata.

"Na huo udongo mkaufanya nini?" Kavetsa akauliza, ingawa alikuwa akiutazama.

Johnstone aliikunja kofia yake. Aligeuka kidogo kuelekea zile kuta, kisha akajirudi, kama mtu aliyeshikwa akichungulia.

Kavetsa hakulia. Alikuwa amekuja na kilio chote kutoka Eldoret, amekishikilia njia nzima, na sasa hakujua akiweke wapi. Zamani angekiweka chini ya mgomba. Alizunguka shimo, akafika kwenye matofali yaliyopangwa, akayashika moja moja. Yalikuwa ya moto bado, moto wa mwili wa mtu mwenye homa. Yote sawa, mekundu, pembe zake nne nne. Alitafuta alama, hata nywele, hata mzizi wa mgomba. Moto ulikuwa umeyasafisha yote.

"Shemeji Johnstone, nipe moja."

"Moja? Chukua hata kumi, nitakutafutia mtu wa..."

"Moja."

"Chagua basi."

Kavetsa alinyoosha mkono, akaurudisha. Mama mkwe alimfikia taratibu, Rael akimning'inia begani.

"Usichague," akamwambia. "Yote yamepita pale. Chukua lililo karibu."

Akachukua lililo karibu. Alilifunga kwa shali ya Rael.

Ndani ya basi kondakta aliuliza mzigo ule ni wa nini, mdogo hivyo na mzito hivyo.

"Tofali," akasema Kavetsa.

"Moja? Mama, kwani Eldoret mawe yameisha?"

Watu wakacheka, naye akacheka nao, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu na hakutaka kuulizwa tena.

*

Elphas aliliona jioni, limewekwa kando ya mlango wa jikoni. Kavetsa alimsimulia kwa maneno machache, akisonga ugali, bila kumtazama. Elphas alikaa kwenye ngazi, pamba kwenye nyusi, akaliangalia tofali mpaka giza likaingia. Hakusema pole. Alisema tu, "Nilikula naye kuku," kisha akarudia vilevile, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuelewa hesabu.

Mtaa ule makaburi hayaruhusiwi. Tofali halikukatazwa. Likakaa pale mlangoni. Majirani waliodhani ni la kuzuia mlango usipigwe na upepo walikuwa na haki ya kudhani hivyo.

Asubuhi moja mwezi wa kumi na mbili, Kavetsa alisikia kitu kikiburutwa nje. Akachungulia. Rael alikuwa amelishika tofali kwa mikono miwili, amejipinda, anarudi nyumanyuma kwenye nyasi. Alilifikisha chini ya mfereji. Akapanda juu yake, akayumba, akasimama. Kwa mara ya kwanza mkono wake ukafika kwenye kifungulio.

Elphas alikuwa ametokea kwa upande wa pili, anavaa koti la kazi. Akapiga hatua kuliondoa.

"Ataanguka. Na atalivunja."

"Mwache, Baba Musimbi," Kavetsa akasema kutoka mlangoni, mkono ukiwa mdomoni. "Mwache abebwe na dadake."

Maji yalikuja meupe, kisha yakatulia. Rael akakinga viganja, akanywa.